Huyu keshawahi kuchoma mtoto?

Bibi ndo aliyeuliza, kliniki, siku ya sindano za chanjo. Mama wa mtoto mwenyewe alikuwa kimya, binti mdogo tu, mzazi wa kwanza, kajifunika kanga mpaka puani na mtoto kamlaza mapajani. Bibi kasimama nyuma yake, mkono mmoja kauweka begani kwa mkwe wake, akamtazama mwanafunzi wangu wa uuguzi kuanzia viatu mpaka kichwani, na alipomaliza hakumuuliza yeye. Akanigeukia mie.

"Mwanangu, huyu kijana keshawahi kuchoma mtoto?"

Nikamjibu hapo hapo, "Keshachoma sana bibi, wala usiwe na wasiwasi."

Bibi akasema haya, bismillah. Kijana akachoma, mtoto akalia, akanyonya, akanyamaza. Salama salimini. Kama unasoma ukisubiri mkasa basi mkasa haupo, mtoto yule mzima na bega lake zima, na kijana alifanya kazi nzuri.

Ila alikuwa hajawahi kuchoma mtoto.

Alikuwa kachoma mdoli. Mara nyingi kweli, nimemsimamia mwenyewe kwenye chumba cha mazoezi, na mara ya mwisho kapata tiki zote kwenye cheklisti. Lakini mtoto wa binaadamu, anayepumua, ananuka udi na maziwa, kapakwa wanja mpaka kwenye paji la uso, wa kwanza alikuwa huyo huyo mjukuu wa bibi. Na mie nalijua hilo wakati nafungua mdomo kujibu.

Hayo yalitokea huku kwetu Pemba msimu wa karafuu, na mpaka karafuu zimekauka zimeuzwa, bado jibu langu linanirudia.

## Neno moja nililolimeza

Usiku ule nikajitetea peke yangu jikoni. Sikusema uongo, najiambia, kweli kijana keshachoma sana. Lakini bibi hakuuliza kama keshachoma, kauliza kama keshachoma mtoto, na mie katika kujibu nikalichukua neno mtoto nikalimeza, nikampa jibu la swali ambalo hakuliuliza. Bibi wa watu kaacha karafuu zake kwenye mkeka, siku za karafuu hizo ambapo kila mkono una kazi, kaja kwa miguu juani, afu kaniheshimu kwa kuniuliza mie mkubwa asimuaibishe kijana mbele za watu. Nami nikamlipa kwa ujanja.

Nikamhadithia mume wangu, akacheka. "Sasa ungemwambia nini, kwamba mjukuu wake ndo wa kujifunzia?"

Ndo hapo.

Nafundisha uuguzi mwaka wa kumi na moja huu. Kila nesi unayemjua ana mkono mwepesi, yule ambaye akina mama wako radhi wamsubiri yeye hata kama upande wa pili hakuna foleni, ana mtoto wake wa kwanza mahali. Mtoto huyo saa hizi mtu mzima, anapanda mikarafuu au anaendesha bodaboda, ana kovu lake begani na hajui kama yeye ndo wa kwanza. Lazima awepo mmoja, hilo halina ubishi. Kinachonisumbua ni awe mtoto wa nani, na mamake kaambiwa au hakuambiwa.

## Wangu mie

Wakati wangu hakukuwa na mdoli. Tulisomeshwa ubaoni, mwalimu akachora ngozi kwa tabaka zake, ya juu, ya kati, mafuta, msuli, na sindano zimechorwa kwa chaki za rangi kila moja na pembe yake, tukakariri, tukafanya mtihani, tukapelekwa kituoni. Huko nikapewa nesi mmoja wa makamo, Mungu amrehemu, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwa watoto wawili hivi, wa tatu akauondoa akanambia haya.

Chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga, ni dozi ndogo mno. Ni 0.05 ya mililita, yaani tone moja la maji. Na tone hilo linatakiwa likae ndani ya ngozi yenyewe, si chini yake. Sindano unailaza karibu ilingane na mkono wa mtoto, tundu linaangalia juu, unaingia kidogo tu, afu unasukuma pole pole na unahisi inakataa. Ikikataa ndo vizuri. Panainuka kiuvimbe cheupe kama punje ya choroko, kina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Ikienda laini bila kukataa ujue umeshapitiliza, uko chini.

Yangu ilikwenda laini.

Nilihisi. Mkono ulijua kabla kichwa hakijajua. Lakini nesi wangu keshageukia mtoto mwengine, foleni imefika mlangoni, na mimi ndo nimevaa sare mpya, nikajaza kadi nikamwambia mama "tayari".

Wiki kadhaa baadae yule mama karudi. Kile kidonda kidogo cha kawaida kinachotokea baada ya wiki kama mbili na kuacha kovu kila mama anakijua, hiki hakikuwa kile, mtoto alikuwa na jipu. Likatibiwa, likapona, lakini mpaka leo namuona yule mama anavyomueleza nesi mkubwa kwa hofu, labda nilimuogesha maji ya baridi, labda nilimlalia usiku, labda ile kanga niliyomfungia ilikuwa chafu. Anajitafutia kosa. Na mimi nimesimama pale pembeni nimeshika trei, nasikiliza.

Sikusema kitu.

Kwa hiyo midoli ilipoletwa chuoni mie nilifurahi kuliko wanafunzi. Niliona kama dhambi yangu imepata dawa, kwamba hakuna tena mtoto wa watu atakayekuwa ubao wa kuandikia.

## Ngozi ya mpira

Na nisiwe mtovu wa shukrani, mdoli kafanya mengi. Mwanafunzi anakosea mara mia na hakuna anayeumia. Vidole vinazoea. Kunawa mikono, kusoma kadi kabla ya kugusa chochote, kuangalia ile alama kwenye kichupa, ule mraba mdogo ndani ya duara ambao ukishakuwa na rangi sawa na duara au kuizidi basi chanjo imeshaungua na joto na haifai, kutorudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, kuitia moja kwa moja kwenye kiboksi chake na kiboksi kisijae zaidi ya robo tatu. Hayo yote mdoli anayafundisha vizuri. Mama aliyetembea juani hastahili kukutana na mwanafunzi ambaye ndo kwanza anatafuta bomba linafunguliwa upande gani.

Tatizo la mdoli ni kwamba anakubali kila kitu.

Huyu wetu ngozi yake ya mpira haitoi kiuvimbe. Ukiingia sawa, ukiingia chini, ukipitiliza mpaka kwenye sponji, yeye anakutazama tu na macho yake ya buluu. Mwanafunzi anasema kwa sauti, "kiuvimbe kimetokea," na mie natia tiki. Kiuvimbe kipi? Hakuna kiuvimbe. Tulikuwa tunaigiza sote wawili, yeye anaigiza kuona na mie naigiza kuamini, na mwisho wa siku nampa alama 100 kwa kitu ambacho hakijatokea, yaani kosa lile lile nililolifanya mie kwa mtoto wa watu, huyu angelifanya kwa mdoli mara hamsini na asingejua hata siku moja.

Basi nikaenda dukani nikanunua mapaja ya kuku. Haya haya ya boksi yanayotoka Brazil, ambayo kila nyumba Zanzibar inayajua, yenye ngozi yake. Tukayayayusha, tukavuta maji yaliyotiwa rangi ya chakula, na tukaanza. Kwenye ngozi ya kuku kiuvimbe kinatoka. Si sawasawa na cha mtoto, lakini kinatoka, na ukikosea hakitoki, unayaona maji ya rangi yamepotelea chini. Darasa lote siku ile lilikuwa kimya kuliko mtihani. Kijana mmoja ambaye kwa mdoli alikuwa ndo bingwa wetu alikosa mara sita mfululizo, akakaa chini, akanambia, "Mwalimu, kumbe nilikuwa sijui."

Tulipomaliza mwengine akauliza, mapaja haya si tunaweza kuyachoma jioni? Nikamwambia haya yameshachomwa.

(Tuliyazika. Bibi mpishi wa chuo hajanisamehe mpaka leo, ananambia israfu hiyo mwalimu, na mie sina jibu zuri la kumpa.)

## Habari ya Haydom

Kuna utafiti mmoja ambao nimeusoma zaidi ya mara moja, wa mwaka 2013, kutoka spitali ya Haydom kule Manyara. Hauhusu chanjo, unahusu mtoto anayezaliwa hapumui. Wafanyakazi walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mdoli, jinsi ya kumkausha, kumchangamsha, kumpa hewa. Baada ya miezi wakapimwa tena kwenye mdoli, na kweli walikuwa wazuri kuliko mwanzo. Walipotazamwa wodini, kwa watoto wa kweli, kazi yao haikuwa imebadilika.

Nikisoma pale huwa naweka simu chini kwanza.

Maana hao si wavivu na si wajinga, na kitu wamekijua, mdoli unashuhudia. Lakini kujua kwao kumebaki kule kule chumba cha mdoli, hakukuvuka mlango.

Na wenzetu wale midoli hawakuitupa. Waliiweka pale pale karibu na wodi, mtu anafanya mazoezi ya dakika chache tu lakini mara kwa mara, kila wiki, badala ya siku moja kubwa ya semina yenye maji ya chupa na sambusa na posho. Utafiti wa baadae, wa 2015, ukaonesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vimepungua. Mdoli yule yule, kilichobadilika ni pahala alipo na mara ngapi unamgusa.

Najua kumpa mtoto hewa sio kumchanja. Lakini nilipousoma tena baada ya swali la bibi nikajiuliza, sisi kati ya chumba chetu cha mazoezi na kile kibaraza cha kliniki kuna nini hasa katikati ambacho mwanafunzi anakivuka peke yake, na mie namngoja upande wa pili na kalamu yangu?

Jibu nililipata kwa bahati, na lilikuwa kwenye kiti.

## Kiti cha mama

Kwenye zoezi letu huwa kuna mwanafunzi mmoja anaigiza mama, anakaa na mdoli mapajani. Siku hiyo aliyepangwa hakuja, nikasema haya leo nitakaa mie. Nikajitanda kanga, nikampakata mdoli, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Miaka kumi na moja sijawahi kukaa pale.

Kitu cha kwanza, sikuona kitu. Meza ya kutayarishia dawa iko nyuma ya mwanafunzi, kwa hiyo yeye akanipa mgongo, na kwa dakika kama tatu nzima mie naangalia mgongo wa sare na nasikia vichupa vinagongana. Nikajikuta nanyoosha shingo. Na hapo hapo nikakumbuka akina mama wangapi nimewaona wananyoosha shingo namna ile kule kliniki na mie nasema moyoni hawa nao, wanatafuta nini.

Cha pili, mwanafunzi akageuka akanambia "mshike vizuri." Basi. Nimshike vipi? Mkono wake upi, miguu niiweke wapi? Nimezaa watoto watatu na nimefundisha kuchanja muongo mzima, na sikujua kijana huyu anataka nini. Nikamkamata mdoli kwa wasiwasi, nikambana mno, na kama angekuwa mtoto kweli angeshaanza kulia kabla sindano haijaonekana. Kumbe sindano nyengine zinazokwenda vibaya kosa linaanzia pale, mkono umeteleza kwa sababu mama hakuoneshwa.

Cha tatu ndo kilichonimaliza. Mwanafunzi akamtazama mwalimu mwenzangu aliyekuwa ameshika cheklisti, sio mie, yeye, akasema kwa sauti nzuri kabisa:

"Hapa namweleza mama madhara madogo yanayoweza kutokea."

Na akaendelea. Na mwenzangu akatia tiki.

Nimekaa hapo hapo! Mama ndo mie, niko mbele yake, magoti yetu yanakaribia kugusana, na sijaelezwa kitu. Kaelezwa mtu mwengine kwamba mie nitaelezwa. Na tiki hiyo mie nimeitia miaka yote, kwa mamia ya wanafunzi, wanasema "hapa namsalimia mama", "hapa namuuliza mama kama mtoto ana homa", na hakuna salamu wala suala. Tumewafundisha kwamba mama ni mstari kwenye karatasi.

Nikamfikiria yule bibi. Alisimama nyuma ya kiti kile akauliza swali la kweli, na jibu nililompa mie mwalimu lilikuwa "hapa namweleza bibi."

## Tulichopiga marufuku

Kwanza maneno hayo. Ukisema "hapa namweleza mama" sasa hivi unarudi mwanzo, unanawa mikono upya. Unamweleza au humwelezi. Meza tumeihamisha, mama anaona kila kitu kuanzia kichupa kinapotoka kwenye kasha la barafu. Na kabla hujakamata bomba unamuonesha namna ya kumpakata, mkono huu wa mtoto upite nyuma ya kiuno chako, huu mwengine ushike hapa kwenye kiwiko, miguu ibane katikati ya mapaja yako, bana kidogo tu, kama unavyomshika akitaka kushuka.

Tukaongeza kelele. Sauti ya mtoto analia kwenye simu, mlango uko wazi, wanafunzi wengine wamepanga foleni wanalalamika. Hii ina sababu. Kichupa kimoja cha BCG ni dozi 20, na ukishakichanganya na maji yake una saa 6 tu, kilichobaki kinamwagwa. Ndo maana vituo vingi vidogo vinakusanya watoto kwa siku maalumu ya wiki wasipoteze dawa, na siku hiyo kibaraza kinajaa, na haraka inaanzia hapo. Mdoli alikuwa anachomwa peke yake kwenye chumba chenye feni.

Afu kuna mwanafunzi anaigiza bibi. Weee, hawa watoto wakiwa mabibi hawana huruma. Huyu ana mafua, mnamchanja vipi? (Anachanjwa, mafua madogo hayazuii.) Sindano mbili kwa siku moja, mnataka kumuua? Hiki kidonda nikipake mafuta ya nazi? (Usipake kitu bibi, kiache kikauke chenyewe.) Mbona yule wa jirani hakuvimba? Wanayajua kwa sababu ni maswali ya bibi zao wenyewe, wamekua nayo.

Na tukaanza kumfikiria mama kama mtu aliyetoka mahali. Hebu piga hesabu, chanjo ya wiki sita ni siku ya 42. Mama huyu arobaini yake imeisha juzi. Siku zote hizo yuko ndani, anakandwa, analishwa uji, hajatoka, na safari yake ya kwanza nje ya nyumba, mwanawe kamvisha fulana mpya, ni kuja kwako, na wewe unampokea kwa matone ya aina mbili na sindano mbili, paja hili na paja lile. Nilipolisema hili darasani msichana mmoja akasema, "Yakhe, kumbe ndo maana wanapendeza vile."

Hata maneno yetu tuliyajadili. Sindano kwa Kiswahili tunapigwa, tunachomwa, tunadungwa, na chanjo yenyewe imetoka kwenye kuchanja, kukata kwa wembe. Hakuna neno hata moja lenye upole. Afu nyumbani mtoto akisumbua anaambiwa kaa kimya nesi atakupiga sindano. Kwa hiyo nesi anaanza kazi keshashindwa moja bila. Sijui dawa yake, lakini kuna vitu vidogo vinavyosaidia na Shirika la Afya Duniani lilishavisema tangu 2015: mtoto apakatwe na mzazi au mlezi wake, anyonye kabla au wakati wa sindano ikiwezekana, inayouma zaidi iwe ya mwisho, na nesi awe mtulivu na asiseme uongo kwamba haiumi.

Na asiseme uongo. Mstari huo niliupita miaka yote bila kusimama.

Mwisho tukaandika kanuni moja ambayo haikuwemo kwenye cheklisti ya zamani, na naikiri imetoka kwenye jipu lile la miaka ile. BCG ikipita chini, hurudii kumchoma. Unamwambia mama pale pale, unaandika, unamwambia aangalie bega na akiona linavimba alete mtoto. Unamwambia wewe mwenyewe, sio nesi mkubwa.

## Jumatano nyengine

Sasa fildi siku hizi sisubiri kuulizwa. Nasema mwenyewe. "Mama, huyu mwanafunzi wangu, kafanya mazoezi sana kwenye mdoli na kwenye kuku, mtoto bado. Wako ndo atakuwa wa kwanza. Mie niko hapa ubavuni mwake. Usipotaka nachoma mie, na hakuna atakayenuna."

Wenzangu wengine wanaona natafuta balaa, na mwanzoni hata mie sikulala usiku wa kuamkia siku ya kwanza, nikaona mama wote watakataa na vijana watamaliza chuo hawajagusa mtoto. Wengi wanakubali. Wanamtazama kijana, wanatazama mikono yake, wanasema bismillah. Kuku huwachekesha, hilo linasaidia. Wapo wanaokataa, na nimejifunza kutowashawishi.

Wiki mbili zilizopita mmoja alikataa. Mama wa watoto wanne, mcheshi tu, kasema, "Hapana, tena mchome weye mwalimu, huyu hatulii." Mwanafunzi wangu, msichana mdogo mwenye miwani, akasogea pembeni bila kununa kama tulivyoahidi. Nikanawa mikono. Nikamuonesha mama namna ya kumpakata. Nikavuta tone langu.

Nisiseme uongo, muda mrefu sijachoma mwenyewe. Kazi yangu imekuwa kutazama.

Nikailaza sindano, nikaingia, nikasukuma. Ilikataa kidogo tu, afu ikaachia. Kiuvimbe hakikuinuka, ngozi imekaa vile vile imelala, na nilipochomoa sindano pakatoka kimaji kidogo juu ya ngozi. Mtoto akalia, mama akacheka akamtia ziwa mdomoni. Nyuma yake wapo kumi na tano wanasubiri. Nikatia sindano kwenye kiboksi, nikavuta kadi, nikaandika tarehe, na mdomo wangu ulishafunguka kusema lile neno, tayari.

"Mwalimu," msichana wa miwani akaninong'oneza, "hujamwambia mama."

Nikaweka kalamu. Nikavuta kile kiti kingine, nikakaa.